Bakapu sio kutunza nyaraka, tuache kuchanganya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hili ukilifupisha linapotea. Siku hizi kila ofisi unayoingia, iwe ya serikali, ya binafsi, ya dini, hadi vyama vya ushirika, wimbo ni ule ule, "tumehamia kidijitali". Ukiuliza mafaili ya zamani yako wapi unajibiwa kwa kujiamini kabisa kwamba yameskaniwa yote, bakapu, yaani nakala ya akiba, ipo, karatasi tumeshaziondoa maana zilikuwa zinajaza chumba. Na anayejibu hivyo mara nyingi ni bosi kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Mimi nabisha.

Nilianzia masjala kabla sijaingia kwenye IT, kwa hiyo haya mambo nimeyaona pande zote, kwenye rafu zenye vumbi na kwenye chumba cha seva chenye AC. Bakapu ni kazi moja, kutunza nyaraka kwa miaka mingi ni kazi nyingine, na ofisi yenye bakapu nzuri kabisa inaweza kupoteza historia yake yote bila hata mashine moja kuharibika. Hapo ndo watu hawaelewi.

Bakapu ni tairi la spea. Ipo ili ukipata pancha leo uendelee na safari leo. Seva imeungua, mtu kafuta folda, virusi vya kudai hela vimefunga mafaili yote, unachukua nakala ya jana usiku unairudisha watu wanaendelea na kazi, basi. Na kwa kuwa kazi yake ni kurudisha hali ya jana, nakala ya mwaka juzi kwake haina maana, ndo maana inajifuta. Mafundi wengi wanaset nakala za kila siku zikae wiki, za kila wiki zikae mwezi, za kila mwezi zikae mwaka, afu mpya inaandikwa juu ya ya zamani. Huo sio uzembe, ndivyo inavyotakiwa, diski zinanunuliwa. Ila maana yake ni kwamba kitu kikifutwa kwenye mfumo leo na asigundue mtu, baada ya mwaka na ushee kimefutika na kwenye bakapu pia. Na tarakimu ikichezewa Machi, bakapu zote za kuanzia Aprili zinatunza ile iliyochezewa, kwa uaminifu mkubwa kabisa.

Niliwahi kuitwa kwenye SACCOS moja, jina naliacha. Kulikuwa na mama mjane, mume wake alikuwa mtumishi, amefariki, anafuatilia akiba na hisa za marehemu. Meneja anamwambia kwa upole tu, "Mama, kwenye mfumo mchango wake unaanzia 2016." Mama anasema, "Mwanangu, mume wangu alianza kukatwa kwenye mshahara Mkapa yuko madarakani, nyie mnaniambia 2016?" Mhasibu akanigeukia, kaka bakapu zipo zote, kila siku saa nne usiku inajifanya yenyewe, hebu tuangalizie. Nikaangalia. Kweli zilikuwepo na zilikuwa zinafunguka vizuri, hongera yake, kuna ofisi kubwa zaidi ya hapo bakapu zao hazijawahi kujaribiwa hata siku moja. Lakini mfumo wenyewe ulianza kutumika 2016, na siku unaanza kila mwanachama aliingiziwa mstari mmoja tu, salio la kuanzia. Marehemu salio lake liliingizwa sifuri, nani alikosea hajulikani. Kabla ya hapo walitumia programu iliyotengenezwa na kijana mmoja kwa Microsoft Access, kompyuta iliyokuwa na programu hiyo ikauzwa kama chuma chakavu, na ile eksteno, diski ya kuchomeka kwa nje, iliyokuwa na nakala ikasafishwa ili iwe ya bakapu ya mfumo mpya. Leja za mkono je? Zilibebwa na mtu anayenunua karatasi kwa kilo. Yaani kuna watu pale mjini wamekula karanga zilizofungwa kwenye michango ya wanachama.

Kilichomsaidia yule mama ni slipu za mshahara za marehemu alizokuwa ameziweka kwenye mfuko wa rambo ndani ya sanduku la bati. Nyingine mchwa walishaonja, miaka kama miwili haikuonekana kabisa, wakakaa na bodi wakakubaliana kiasi. Sasa pale bakapu ilifeli wapi? Haikufeli. Ilirudisha ilichopewa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, siku mfumo wa zamani unafungwa, kwamba hizi data hazihitajiki tena kwa kazi ya kila siku ila zinahitajika kwa miaka 40 ijayo, tuzitoe, tuziweke mahali pake, kwa namna ambayo mtu yeyote atazisoma bila ile Access wala yule kijana.

Na ukiniuliza tofauti iko wapi hasa nitakwambia ni hapo. Bakapu ni nakala ya kitu ambacho chenyewe bado kipo kinatumika. Nyaraka iliyotunzwa ndo kitu chenyewe, hakuna kingine pengine, ikipotea imepotea.

Kuhusu kusoma bila mashine ya zamani, Waingereza walishapigwa mapema. Mwaka 1986 BBC walitaka kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, ile orodha ya ardhi, mifugo na watu ambayo mfalme William aliagiza mwaka 1085 na ikafanywa 1086. Wakakusanya picha, ramani na maelezo ya nchi nzima, watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wanafunzi wa shule, wakaweka vyote kwenye diski za leza kubwa kama santuri. Kwa wakati ule ilikuwa teknolojia ya juu kabisa. Ila kuisoma ulihitaji mashine maalum ya Philips na kompyuta ya Acorn ya aina moja, bei yake shule nyingi hazikuiweza. Haikupita hata miaka 20, mashine zimebaki za kutafuta kwa tochi na watafiti wa chuo kikuu cha Leeds na wenzao wa Michigan wakalazimika kutengeneza programu ya kuiigiza ile kompyuta ya zamani ili tu diski zisomeke. Wakati huo huo kitabu cha 1086 kipo Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, unafungua unasoma, ukijua Kilatini chake basi.

Tusicheke, na sisi tuna ya kwetu. Kanda za reel za Radio Tanzania Dar es Salaam, mnazijua, bendi za muziki wa dansi, taarabu, ngoma, hotuba, maelfu kwa maelfu ya saa, na kwa miaka mingi bendi zilikuwa hazina studio nyingine ya maana zaidi ya pale RTD. Nyimbo nyingi nakala yake ni hiyo kanda tu. Kanda ya sumaku inazeeka hata ikikaa kabatini hajaigusa mtu, gundi inayoshika ule unga wa sumaku inalainika kwa joto na unyevu, na joto na unyevu Dar hatuagizi kutoka nje. Afu kuihamishia kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato, kanda ya saa moja inacheza saa moja, kwa mashine inayozunguka kasi sahihi, na fundi anayejua kuitunza hiyo mashine, ambaye na yeye anastaafu. Watu wanazungumza kuhusu zile kanda miaka na miaka, wengine wanadhani tatizo ni hela ya kununua diski za kompyuta. Diski ndo kitu rahisi kuliko vyote pale.

Hata hao wakubwa wa teknolojia. NASA walirekodi picha za Apollo 11 zilizokuwa zikija moja kwa moja kutoka mwezini Julai 1969 kwenye kanda za data, picha safi kuliko zile dunia iliziona kwenye TV. Miaka ya baadaye zikatafutwa, na mwaka 2009 wakatoa taarifa kwamba kwa uwezekano mkubwa zilifutwa zikatumika tena, maana kanda zilikuwa adimu na kila kanda ya zamani ilionekana ni kanda tupu inayosubiri kazi. Bahati nzuri zilibaki rekodi za vituo vya TV wakazisafisha hizo. Ukiangalia ni kisa kile kile cha eksteno ya SACCOS, tofauti ni kwamba hawa walikwenda mwezini.

Sasa mtu wa mauzo atakuja na klaudi. Klaudi ni nzuri naitumia, lakini klaudi ni diski ya mtu mwingine unayoilipia kila mwezi, na siku kadi ya ofisi imegoma au aliyefungua akaunti kahama kazi na nywila yake, unapewa notisi kwenye imeili ambayo hakuna anayeifungua, afu vinafutwa. Wengine wananiambia wana kanda za LTO, zile za kisasa za kuhifadhia data, watengenezaji wanasema zinakaa hata miaka 30. Sawa, kanda itakaa. Mashine je? Kanda ya kizazi cha tatu, LTO-3, inasomwa na mashine ya LTO-3, 4 na 5, ukienda LTO-6 imekataa, na LTO-8 ndo kabisa inasoma ya kwake na ya LTO-7 tu. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache lazima mtu akae ahamishe kutoka kanda ya zamani kwenda mpya, na asipotengewa bajeti ya kuhamisha basi ile miaka 30 ya kwenye boksi ni ya kusoma tu kwenye boksi.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi bakapu haina kazi. Septemba 2025 pale Daejeon, Korea Kusini, moto uliwaka kwenye kituo cha data cha serikali na hifadhi ya mafaili ya watumishi yenye terabaiti 858 ikaenda yote, kisa ilikuwa kubwa mno hawakuwa na nakala yake nje ya jengo. Hiyo ni bakapu kukosekana. Na ukiwa na nyaraka za kudumu za kidijitali, nazo zinahitaji nakala zake sehemu tatu tofauti, hilo halina mjadala. Ninachokataa ni kuitumia moja kama jibu la nyingine.

Kitu kingine ambacho bakapu haina ni maelezo. Masjala kila barua ilikuwa na Kumb. Na. pale juu, ukiiona tu unajua faili gani, folio, yaani karatasi, ya ngapi, imejibu barua ipi, nani aliandika dokezo na lini. Siku hizi nafungua folda naona scan0001, scan0002, hadi chini kabisa, katikati yake IMG-20190412-WA0007 maana mtu alipiga picha kwa simu akatuma kwenye grupu. Nimewahi kukaa na mtendaji wa kijiji na wazee tukitafuta muhtasari wa mkutano uliopitisha mpaka na kijiji jirani, tunafungua faili moja moja, nyingi ziko upside-down, nyingine ukurasa wa pili haupo. Mzee mmoja akachoka akasema, "Kijana, zile karatasi za mwanzo ilikuwa ukisema mwaka tu karani anakutolea." Alikuwa sahihi. Kuskani bila kuorodhesha ni kuhamisha fujo kutoka kabatini kwenda kwenye kompyuta, tena kabatini angalau unaona rangi ya jalada.

Na sio kila kitu kitunzwe. Hili nalo bakapu hailijui, yenyewe inabeba muhtasari wa bodi pamoja na picha za harusi za sekretari. Kutunza nyaraka maana yake kuna mtu amekaa akaamua, fomu za likizo zikae miaka kadhaa ziteketezwe, faili la mpaka lisiguswe milele. Nchi hii tuna Sheria Namba 3 ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka, nyaraka za umma haziondolewi kwa sababu afisa utumishi anataka chumba. Kuna ratiba, kuna wa kuidhinisha. Waulizeni wanaochoma mafaili baada ya kuskani kama wameshawahi kuiona hiyo ratiba.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu hujui nani atakuja kuuliza. Mwaka 2011, kwenye kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, ndo ikabainika kwamba pale Hanslope Park, hifadhi ya serikali huko Uingereza, kulikuwa na mafaili kama 8,800 yaliyoondolewa kwenye makoloni 37 wakati wa uhuru, ya Kenya peke yake yalikuwa maboksi kama 300. Yalikuwa yamefichwa, na mengine mengi yalichomwa kabla Waingereza hawajaondoka, hilo ni sakata lake. Lakini yale yaliyobaki, karatasi za miaka ya 1950 zenye tarehe na sahihi, yalisaidia kuonyesha nani alijua nini kuhusu mateso, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Sasa fikiria ushahidi ule ungekuwa kwenye mfumo ambao bakapu yake ya zamani kabisa ni ya mwaka jana. Na tuseme upo, utathibitishaje kwamba faili halijaguswa? Karatasi ina wino, muhuri na dokezo pembeni. Faili la kompyuta mtu analibadilisha akiwa anakunywa chai.

Dawa yake ipo na sio ghali. Kuna programu za bure zinapiga hesabu ya faili zima zinakupa msimbo, ukitumia hesabu inayoitwa SHA-256 ni herufi na tarakimu 64, ukibadilisha hata nukta moja kwenye faili msimbo wote unakuwa mwingine. Unauandika siku unahifadhi, mahali tofauti na faili lenyewe, kila mwaka unapiga tena unalinganisha, diski ikianza kuoza kimya kimya unajua mapema. Barua na mihtasari ziwekwe kwenye PDF/A, aina ya PDF ya kutunzia muda mrefu, ni kiwango cha kimataifa tangu 2005, kinabeba fonti zake ndani na hakikubali kufungwa kwa nywila, kwa hiyo hamna ile ya "aliyeweka paswedi ameacha kazi". Data za mifumo zitolewe kama maandishi ya kawaida, CSV inatosha, pamoja na karatasi inayoeleza kila safu maana yake nini, maana safu imeandikwa "ST2" baada ya miaka kumi ni kitendawili. Na kwenye tenda za mifumo, kabla hamjasaini, mkandarasi aandike atakavyowakabidhi data zote siku mkataba ukiisha. Wakandarasi hawakipendi hiki kipengele, ukiona mtu anakikwepa ujue.

Karatasi zenyewe siziabudu, msinielewe kama mzee wa masjala anayelilia mafaili. Risiti ya EFD ukiiweka kwenye waleti miezi michache inageuka karatasi nyeupe na TRA wanataka kumbukumbu miaka mitano, hiyo piga picha mapema, usisubiri. Ila mafaili ya utawala wa Wajerumani yaliyopo Nyaraka za Taifa Dar es Salaam yana zaidi ya miaka mia, UNESCO waliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na hati za Kiarabu za Zanzibar zikaingia 2003. Hayakufika huko kwa sababu karatasi ni imara. Kila kipindi palikuwa na mtu ambaye mshahara wake ni wa kazi hiyo, anapuliza vumbi, anaweka dawa ya wadudu, anajua boksi namba fulani lina nini. Ukihamia kidijitali unamhitaji huyo mtu zaidi, sio kwamba ndo umeachana naye.

Nyumbani nako hivyo hivyo, mnisamehe natoka nje kidogo ya mada. Bakapu ya WhatsApp inatunza hali ya mwisho tu, na picha zenyewe zilishabanwa zilipotumwa. Google Photos ukifuta picha ndani ya app yake kwenye simu ili upate nafasi, inafutwa na kule juu, inakaa kwenye kapu la taka siku 60 afu kwaheri, watu wanalia kwenye vibanda vya mafundi simu kila siku kwa hili. Picha ya babu chapisha, nyuma yake andika majina kwa penseli.

Namalizia na nyie wenyewe, Mhariri. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na leo bado kuna maktaba unapewa majalada yake unasoma. Juzi nilibonyeza linki ya makala yenu ya mwaka 2011 niliyokuwa nimeitunza, ya bei ya korosho, nikaletewa ukurasa wenu wa mbele wa hiyo hiyo juzi, matokeo ya mpira. Toleo la karatasi la siku ile nadhani mnalo kwenye chumba fulani. Zile habari zilizotoka mtandaoni tu, ambazo hazikuchapwa, ziko wapi sasa hivi na pale kwenu nani, kwa cheo, ndo anazitunza?

Mtunza kumbukumbu wa zamani,
Morogoro